Chombo Kipi Kitafika Pemba?

Mwezi wa Agosti, mwaka 2022, simu yangu ilinidondoka gatini Mkoani nilipokuwa nikiteremka kutoka melini, ikazama baina ya ubavu wa meli na ukuta wa gati. Vijana wa pale walinipa pole, na mmoja wao akavua shati ili apige mbizi. Lakini chombo kilikuwa bado kinayumba na maji ya pale ni mengi, nikamkataza. Simu yenyewe haikuwa na thamani kubwa. Nilichokililia siku ile, na ninachokililia hata leo, ni sauti ya Maalim wangu iliyokuwamo.

Maalim alikuwa mwalimu wa skuli mjini Wete kwa zaidi ya miaka 30. Ndiye aliyenifundisha mizani, kwa kugonga dawati kwa ncha za vidole, mara nane kisha kituo, mara nane kisha kituo, mpaka nikawa siwezi kusikia maneno ya watu barabarani bila ya kuyahesabu. Hakuwahi kuchapisha diwani. Alikuwa na madaftari mawili ya jalada gumu, na yote mawili yaliliwa na mchwa katika msimu mmoja wa masika. Mjukuu wake alipomnunulia simu ya kisasa, umri wake ulikuwa umeshavuka miaka 70, nasi tulidhani ataiweka kabatini pamoja na mapambo. Kinyume chake, aliipokea kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Macho yalikuwa yamechoka, kwa hiyo hakuandika. Alighani, akajirekodi, akatuma katika kundi letu la mashairi la WhatsApp, ambalo tulilianzisha mwaka 2015. Alifariki dunia mwaka 2021, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Katika Ramadhani ya mwaka 2018, usiku mmoja baada ya tarawehe, Maalim alitutupia swali la beti saba. Beti ya kwanza ilikuwa hii:

Wanabahari naomba, chombo kipi cha kupanda?
Nina mzigo wa nyumba, na mbali nataka kwenda,
Pepo huja zikivimba, na mawimbi yakitanda,
Kipi kitafika Pemba, na shehena kuilinda?

Majibu yalimiminika mpaka wakati wa daku. Mmoja alisifu mashua, kwa kuwa haina deni la mafuta. Mwengine alisifu meli ya injini. Kijana mmoja, kwa mzaha, akapendekeza ndege, akajibiwa kwa beti tano kwamba ndege hupima mizigo kwa ratili na mzigo wa nyumba haupimiki. Bi mmoja wa Chake Chake, ambaye aghalabu huwa kimya, alisema kwamba chombo si hoja. Hoja ni karani anayesimama bandarini na orodha mkononi, akihesabu kilichopakiwa na kilichoshuka. Siku ya pili ya Idi, Maalim mwenyewe akatoa jibu lake la kufunga malumbano. Nakumbuka nililisikiliza mara tatu. Nakumbuka nilisema "Mashaallah". Sikuliandika, kwa kuwa niliamini limo simuni.

Hapo lipo kosa, nalo ni langu. Ujumbe wa WhatsApp hukaa katika simu ya mwenye nao, si katika ghala la kampuni, na nakala ya akiba haipo mpaka mwenyewe aamrishe iwekwe. Mimi sikuamrisha. Niliponunua simu mpya na kurudisha nambari yangu ya zamani, niliwakuta wanakundi wote wamo. Lakini ukurasa ulikuwa mweupe kama kanzu ya Idi. Basi nikaanza kutafuta. Kwa muda wa miezi kadhaa nilibisha hodi katika kila mtandao niliowahi kuusikia, nikiulizia mashairi ya mtu mmoja, na katika kutafuta huko ndimo nilimojifunza ubora na udhaifu wa mitandao hii kuliko nilivyojifunza katika miaka yote niliyoitumia kwa porojo.

Kabla ya kusimulia nilichokipata, nieleze kipimo changu. Shairi la kwetu halikamiliki kwa maneno peke yake. Lina mambo manne yanayokwenda pamoja nalo: jina la mtunzi, kisa kilichomfanya atunge, mahadhi anayoghania, na jibu alilopewa. Likipotea moja, shairi linakuwa kama mgeni aliyefika bila ya mizigo yake: unamkaribisha, lakini humjui. Kila mtandao nimeuuliza suala hilo hilo: katika manne haya, unabeba mangapi?

Nianze na WhatsApp, maana ndiko tulikokuwa. Wanaouita baraza hawakukosea. Watu wanajuana kwa majina na kwa nasaba, anayetoa swali anajua nani atamjibu, na sauti inapita ilivyo, kikohozi na adhana ya mbali vikiwamo. Kisa, mahadhi na jibu, vyote vimo. Hata hivyo, baraza lina tabia yake: lililosemwa huondoka na waliokuwapo. Aliyejiunga na kundi letu mwaka 2019 hakuyaona hata kidogo ya mwaka 2018. Tena, shairi likitoka nje ya kundi, jina la mtunzi halifuatani nalo. Tangu mwaka 2018 ujumbe uliopokezanwa hupewa alama ya kuonyesha kwamba umepokezanwa, na mwaka 2019 idadi ya watu au makundi ya kupelekewa kwa mkupuo mmoja ikapunguzwa hadi tano ili kuzuia uvumi. Lakini alama ile haisemi umetoka kwa nani. Shairi hupata nauli, likakosa cheti cha kuzaliwa.

Hata hivyo, ni WhatsApp hiyo hiyo iliyonirudishia sehemu kubwa zaidi. Mama yangu mdogo anaishi Maskati, na alikuwa mmoja wa wanakundi wasiosema neno. Nilipompigia simu kumwuliza kama amebakiza chochote, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia: "Mwanangu, mie ushairi siujui. Lakini Maalim nnaye. Humtia nikipika." Alikuwa amehifadhi rekodi 11. Swali la beti saba lilikuwamo, na majibu mawili. Jibu la Maalim halikuwamo. Nilipomwuliza kwa nini alihifadhi hizi na si nyingine, alijibu kwamba alichagua zile ambazo nyuma yake zinasikika kunguru wa Wete.

Wapo waliotushauri, baada ya msiba huu wa simu, tuhamie Telegram, ambako mgeni anaweza kusoma yaliyopita na kuyatafuta kwa neno. Ushauri ni mzuri, na ubora huo ni wa kweli. Tulihama watu 14 kati ya 90 na kitu. Waliobaki walisema wameshazoea walipo. Hapo nikajua kwamba ubora wa chombo haushindi mazoea ya abiria, na kwamba ukumbi uliopangwa vizuri bila ya watu ni ukumbi tu.

Nikaenda Facebook, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2006, na ambako wengi wa rika langu tuliingia kupitia vibanda vya intaneti vya Mji Mkongwe, tukilipa kwa nusu saa. Vijana siku hizi huiita mtandao wa wazee. Na waseme. Huko nililikuta swali la Maalim limeandikwa lote, beti saba, pamoja na jina lake na tarehe, na mwanakundi mmoja ambaye nilikuwa nimeshamsahau. Chini yake palikuwa na majibu matano ambayo hayakupita katika kundi letu kabisa, mawili kutoka Lamu na moja kutoka Tanga. Kwa shairi refu la kusomwa, sijaona mtandao unaolistahi zaidi: maneno hayakatwi, jina linakaa juu, na jibu linakaa chini ya swali lake. Udhaifu wake ni mpangilio. Majibu huweza kupangwa kwa jinsi mtandao unavyodhani yatapendeza, si kwa jinsi yalivyofuatana, hata anayejibu jibu akaonekana ametangulia kabla ya jibu lenyewe. Malumbano yetu ni ngazi. Ukichanganya vidato, mtu hapandi. Na lipo jambo jengine, dogo, ambalo bado linanitia uzito. Mjukuu alikuwa amemfungulia Maalim ukurasa. Upo njia ya kuugeuza ukurasa wa marehemu kuwa wa kumbukumbu, lakini jamaa hawakuijua, na kila mwaka, siku yake ya kuzaliwa inapofika, wako watu wanaomwombea umri mrefu.

Mtandao wa X, ambao mpaka Julai 2023 ulikuwa ukiitwa Twitter, haukunipa kitu, na sababu yake ni ya kimizani. Kwa miaka mingi ujumbe wake haukuruhusiwa kupita herufi 140. Hesabu, msomaji, ile beti niliyoinukuu: pamoja na vituo na nafasi, inapita 170. Basi kwa muda wote huo beti moja ya tarbia haikuweza kuingia nzima katika mtandao ule. Novemba 2017 kikomo kikawa 280. Beti moja ikaingia, ya pili ikabaki nje ya mlango. Sisemi kwamba ufupi ni ila. Mtunzi wa tathnia au wa methali anapata pale uwanja wake, na kwa habari za papo kwa papo mtandao huo ulikuwa na kasi ambayo wengine waliiiga. Lakini shairi lenye hoja, lenye kuanza na kujenga na kufunga, pale ni sawa na jahazi lililoingizwa katika kijito.

YouTube ndiyo iliyonishangaza. Sikutarajia kitu, maana hakuna aliyewahi kumpiga picha Maalim kwa makusudi. Nilijaribu maneno mengi ya kutafutia, na jina lake halikuleta jambo. Nilimpata kwa bahati, katika picha za harusi moja ya mwaka 2019. Mpiga picha aliipa sehemu ile jina la mzee aliyewachekesha wageni. Kumbe alikuwa akighani. Dakika saba nzima, mkono wa kulia ukigonga goti, mara nane kisha kituo. Hakuna mtandao mwengine ulionipa uso, mkono na mahadhi kwa pamoja, na kila anayetaka kujua utenzi au shairi la kwetu linavyoghaniwa ana ghala kubwa huko, bila ya kujuana na mtu. Lakini ghala lisilo na majina sahihi ni sawa na kisima kisicho na kamba. Jina la kazi hutiwa na anayeipakia, si na anayeghani, na siku mpakiaji akiifuta, imefutika. Niliiomba nakala siku ile ile.

Sasa nifike kwenye video fupi. TikTok ilienea duniani kuanzia mwaka 2018, na Instagram, iliyoanza mwaka 2010 kwa picha tu, nayo ikafuata njia hiyo. Sitaki kuwa mzee wa kulaumu. Nguvu ya video fupi ni kwamba haiulizi unamjua nani. Inakuletea kitu kwa kukadiria utakachokipenda, hata kama mwenyewe yuko kisiwa ambacho hukijui. Katika mtandao mmoja wa aina hiyo, ambao sina haja ya kuutaja, nilimsikia Maalim akighani beti mbili za swali lake juu ya muziki wa kinanda. Chini yake vijana wa Mombasa, Dar es Salaam na hata Bujumbura walikuwa wakijibizana kwa mzaha wakitumia kile kituo chake, "Kipi kitafika Pemba". Baina ya watu hao wote, hapana hata mmoja aliyemjua. Jina lililoandikwa juu lilikuwa la mtu mwengine, aliyeitumia sauti kama yake. Na beti ya mwisho, ile ambayo Maalim kwa desturi ya wahenga alilitia jina lake ndani ya vina, ilikuwa imekatwa.

Hilo lilinikera usiku mzima. Niliandika kulalamika, sikujibiwa. Lakini kulipopambazuka nilijikuta nina hisia mbili zisizokubaliana. Upande mmoja, mtu alikuwa amenyang'anywa jina lake naye yuko kaburini, hawezi kujitetea. Upande wa pili, Maalim hakupata kamwe, katika uhai wake wote, wasikilizaji wengi kiasi kile. Chombo kilichomwibia ndicho kilichomfikisha. Mpaka leo sijui niuweke wapi uzito.

Ila si vyema tukadhani kwamba balaa hii ililetwa na simu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na mashairi yake mengi yakabaki vichwani mwa watu, katika mabaraza na katika karatasi za hapa na pale, bila ya kitabu. Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, naye wa Mombasa, aliyekwenda kwa wazee akayakusanya, akayaandika pamoja na maelezo, yakafika kwa Taylor, mmisionari Mwingereza. Hichens akayachapisha kwa jina la Diwani ya Muyaka mwaka 1940, miaka 100 kamili baada ya kifo cha mtunzi. Kwa karne nzima mashairi yale yalielea, na hayakuokolewa na karatasi, kwa kuwa karatasi zilikuwapo; yaliokolewa na mtu aliyejisumbua kuuliza nani alisema, alimwambia nani, na kwa sababu gani. Vivyo hivyo katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, washairi walijibizana kwa miaka na miaka. Lakini leo anayetaka kuyasoma malumbano hayo lazima aende kwenye nyaraka, na huko anayakuta kwa kuwa palikuwa na mhariri aliyeweka jina la mtunzi na mji wake chini ya kila shairi.

Hapo nikalikumbuka jibu la yule Bi wa Chake Chake. Sote tulilichukua kuwa ni ujanja wa kukwepa swali. Kumbe ndiye peke yake aliyelijibu. Mitandao hii ni vyombo, na kila chombo kina bahari yake: WhatsApp kwa kulumbana, Facebook kwa kusoma, YouTube kwa kusikia mahadhi, video fupi kwa kumfikia asiyekujua. Hakuna hata kimoja kati yake kilichoahidi kuhifadhi. Google+ ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida mwezi wa Aprili 2019, na yaliyokuwamo yakafutwa. Nchini kwetu mitandao kadhaa ilizuiwa siku za uchaguzi wa Oktoba 2020, na Mei 2025 ikawa zamu ya X. Mwenye shehena asiyekuwa na orodha yake mwenyewe hana wa kumdai.

Kundi letu sasa lina karani. Ni kazi ya zamu, mwezi mmoja mmoja. Kila Alhamisi karani huandika mashairi ya wiki katika jalada moja, na juu ya kila shairi hutia yale mambo manne: jina, kisa, mahadhi, na jibu au majibu kwa mpangilio wake. Nakala hupelekwa kwa watu watatu, mmoja Unguja, mmoja Pemba, mmoja Maskati, na kila miezi sita hupigwa chapa kwenye karatasi. Si kazi ya kifahari. Mwezi wangu ulipofika nilichoka mpaka nikawaonea huruma makarani wote wa bandari.

Msichana mmoja wa kundi letu, mwanafunzi wa chuo kikuu, alileta rai nyingine. Kwa kuwa wanaokata hukata beti ya mwisho, alisema, mtunzi na alitie jina lake katika kituo, kile kinachorudi katika kila beti, ili asiweze mtu kuiba hata beti moja bila ya kulibeba. Rai hiyo ilizua malumbano ya siku nne. Wazee walisema ni kujikweza. Desturi ni kujitaja mara moja, mwishoni, kwa unyenyekevu, baada ya kumshukuru Mola. Vijana walisema unyenyekevu ni wa mtu aliye miongoni mwa wanaomjua. Mimi nilimkumbuka Maalim juu ya muziki wa kinanda, nikashindwa kupiga kura.

Jumla ya nilichokipata ni hiki: swali lote, beti saba, kwa sauti na kwa maandishi, majibu saba, na dakika saba za harusi. Jibu la Maalim mwenyewe sijalipata. Nakumbuka mahadhi yake. Nakumbuka kwamba alimtaja yule Bi kwa heshima, na kwamba kituo chake kilikuwa na neno "bandarini". Maneno mengine yamekwenda na maji ya Mkoani. Wapo walioniambia nilitunge upya kwa kukisia, nami ninaweza, maana mtindo wake ninaujua kama ninavyoujua mlango wa nyumba yetu. Sitafanya hivyo. Karani haongezi mzigo ambao hakuuona ukishuka.

Basi, msomaji, kama ulikuwamo katika kundi lolote la mashairi katika Idi ya mwaka 2018, na kama simu yako ya zamani ingali mtotoni mwa kabati, iwashe. Tafuta sauti ya mzee anayekohoa kidogo kabla ya kuanza, na kunguru wakilia nyuma yake. Ukiikuta, usiipokeze kwanza. Iandike, tia jina lake, kisha utuletee.